Fundi Aliyeikimbia Sindano

Walimwita Cheche, na ukimwona kazini ungedhani jina limetokana na zile cheche za moto anazozirusha mchana kutwa akichomelea mageti na madirisha. Hapana. Jina lilitokana na tabia. Mtu huyu alikuwa mwepesi wa kuwaka. Mteja akimwambia geti limepinda wakati halijapinda, alikuwa radhi kulibomoa pale pale mbele ya macho yake na kumrudishia vipande. Mikono yake, kuanzia vifundoni hadi viwikoni, ilikuwa imejaa madoa ya kuungua, na hakuna hata moja aliloenda nalo hospitali. Alilipaka grisi akaendelea na kazi.

Lakini mwonyeshe sindano. Miguu ilimlegea, midomo ikamkauka, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji. Alipokuwa mdogo walikuja wauguzi shuleni kuchanja watoto, naye akaruka dirishani na kutimua mbio; wakaja kumkuta jioni amejikunyata ndani ya pipa tupu nyuma ya jiko la shule. Hata alipokwisha kuwa baba wa watoto wawili, akiugua alimbembeleza daktari: "Nipe vidonge, hata arobaini, nitavimeza kwa mkupuo." Nyumbani kila mtu alikijua kisa cha pipa. Kilisimuliwa kwenye kila mkusanyiko, na mwenyewe alikicheka kuliko wote.

Mdogo wake wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda kwa kuwa alifunga tumbo la mama yao, alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita alipokwenda kujifungua mtoto wa kwanza. Ilikuwa siku ya Jumanne asubuhi. Cheche alikuwa akikata mabomba ya mraba kwa ajili ya geti la karakana moja ya magari, ndipo simu ya shemeji yake, mume wa Kitinda, ilipoita. Shemeji hakusema mengi. Alisema, "Kaka, njoo," sauti ikamkatika.

Cheche alifika hospitali na aproni yake ya ngozi kiunoni. Nje ya wodi ya wazazi palikuwa na benchi mbili za mbao na ukuta uliopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno. Ndugu walikuwa tisa. Mjomba alikuwepo, kaka wa marehemu mama yao, mtu wa suti na maneno mengi. Shangazi alikuwepo. Binamu alikuwepo, yule aliyejaza misuli kwa kunyanyua vyuma mpaka shingo ikapotea. Na wengine.

Muuguzi akatoka, mikono juu, glavu zimelowa.

"Ndugu wa mzazi wa kitanda cha nne!"

Wakainuka wote.

"Mtoto ni mzima, wa kike. Mama anavuja damu, haikatiki. Tumempa mifuko miwili iliyokuwepo ya kundi lake, haipo mingine. Tumetuma gari hospitali nyingine, lakini sijui litarudi na nini. Nataka watu wa kutoa damu, sasa hivi, kwa sababu lazima ipimwe kwanza kabla ya kumwekea. Mlango ule pale, maabara. Nani anakwenda?"

Shemeji alikuwa ameshafika mlangoni kabla muuguzi hajamaliza. Alirudishwa. Alikuwa bado anameza dawa za ugonjwa uliomlaza mwezi uliopita, na mama wa maabara akamwambia damu yake haifai kwa sasa. Akarudi akakaa sakafuni, kichwa katikati ya magoti.

Wakabaki wanane. Mjomba akakohoa.

"Mimi ningekwenda, ila nina presha."

Presha hiyo hakuna aliyewahi kuisikia. Shangazi akasema yeye mwenyewe damu hana, akiamka tu anaona kizunguzungu. Mwingine akanong'ona kwamba amesikia damu yenyewe huwa wanaiuza, na mwenzake akaitikia kwa kichwa, kana kwamba jambo hilo sasa limekwisha kuamuliwa. Binamu akatoa simu mfukoni. Simu haikuwa imelia. Akaiweka sikioni, akasema "haloo, haloo," akaenda nayo hadi kona ya jengo, akaingia mitini.

"Nakwenda mimi," Cheche akasema.

Ungewaona walivyopumua! Mjomba akampiga bega. "Huyu ndiye kidume."

Wakati huo huo kitanda cha Kitinda kilitolewa wodini kikisukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Cheche akatembea kando yake hatua chache, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Usiogope, mdogo wangu. Damu yangu inakuja. Unasikia? Ngoja tu, inakuja."

Kitinda akaitikia kwa kichwa kidogo. Milango ikafungwa.

Maabara kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja, friji nyeupe na kiti kirefu cha kuegemea. Mama wa maabara, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inizwa kwa kamba shingoni, alimpima haraka haraka, akamuuliza maswali yake, akamkalisha. Akamfunga mpira juu ya kiwiko. Akafungua pakiti ya sindano.

Cheche akaiona.

Alieleza baadaye kwamba hakuamua lolote. Alisikia tu mdomo wake ukisema, "Samahani, naomba niende chooni mara moja," akaona miguu yake ikisimama. Akatoka. Akapita mlango wa choo. Akapita geti la nyuma. Alianza kwa kutembea, kisha akatoka mbio, aproni ya ngozi ikimpiga mapajani, mpaka akafika nyuma ya kibanda cha jenereta. Akachuchumaa pale, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, mpira wa maabara ukiwa bado umemkaba mkono.

Alikaa dakika arobaini, kisha akaufungua mpira na kuutia mfukoni. Aliporudi alimkuta mfagiaji wa hospitali, mama mwembamba mwenye sare ya bluu, amekaa nje ya maabara akinywa juisi, pamba imebanwa kwenye kiwiko. Kando yake mlinzi wa geti naye alikuwa na pamba yake. Hakuna aliyewatuma. Walimsikia muuguzi akipita kwenye korido akiita watu kwa sauti ya kulia, mmoja akaweka ufagio chini, mwingine akamwachia mwenzake lindo.

Kitinda alipona. Lakini daktari, alipotoka na kuvua kofia yake, alisema wamelazimika kuondoa kizazi.

"Tungeipata damu mapema kidogo," akasema, "huenda tungekuwa na nafasi ya kujaribu njia nyingine. Tusingeweza kungoja zaidi."

Shemeji akauliza maana yake ni nini, ingawa alikwisha kuelewa. Daktari akamweleza polepole: huyu binti aliyezaliwa leo ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho.

Sasa sikiliza kilichomtafuna Cheche kuliko yote. Hakuna aliyemuuliza. Ndugu walimwona akiingia maabara, na walipomwona tena alikuwa na alama nyekundu ya mpira mkononi. Wakamalizia wenyewe. Shangazi akamletea soda. Nyumbani mkewe akampikia vizuri, akamwambia apumzike. Naye akanywa soda, akala, akapumzika. Neno moja tu, "sikutoa", lilimkwama kooni kama mfupa, na kila siku iliyopita likazidi kunenepa.

Kazini akawa hashikiki. Aligombana na muuza nondo, akagombana na fundi rangi wa jirani, akamfokea mbwa. Watu wakasema ni uchungu wa dada yake. Ilikuwa hasira, na hakujua aitupie wapi.

Baada ya wiki sita ndugu walikusanyika nyumbani kwa Kitinda kumwona mtoto. Sebule ilijaa, wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi. Mjomba, kama kawaida yake, akasimama na kurekebisha koti.

"Wanangu," akaanza, "nataka niseme jambo. Siku ile familia hii ilisimama kama ukuta. Hakuna aliyerudi nyuma. Na kwa namna ya pekee tumpongeze Cheche, aliyetoa damu yake kwa ajili ya..."

"Mjomba, nyamaza!"

Kikombe cha mtu kikaanguka. Cheche alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Ukuta gani? Ukuta gani, Mjomba? Presha yako imeanza lini? Ilianza pale kwenye benchi! Shangazi, wewe huna damu, sawa, hizo nguvu za kucheza harusi nzima Jumamosi iliyofuata ulizitoa wapi? Na wewe," akamgeukia Binamu, "mwili wote huo wa kazi gani? Wa kupigia picha? Mtu anakufa mlango wa pili, wewe unaongea na simu iliyozimika! Mlimwacha! Tisa tulikuwa pale, tukamwacha, mpaka mama wa watu akaweka ufagio chini!"

"Cheche, mjomba wako huyo," mtu akasema.

"Na mimi sikutoa!" Alipiga kelele sasa, akijipiga kifuani. "Mnanipongeza nini? Nilikaa kwenye kile kiti, nikaona sindano, nikakimbia. Nilijificha nyuma ya jenereta. Haya, pigeni makofi!"

Mlango wa chumbani ukafunguka, Kitinda akatoka na mtoto begani. Hakuwa amepandisha sauti tangu atoke hospitali, na hata sasa hakuipandisha.

"Nilijua," akasema. "Siku ya pili nilimuuliza muuguzi nani walinitolea, ili niwashukuru. Akanitajia. Hukuwemo. Nikasema moyoni, atakuja kuniambia mwenyewe. Nimekungoja wiki sita, kaka."

"Mdogo wangu, nisamehe. Pole sa..."

"Sitaki pole. Pole haiingii kwenye mshipa." Mtoto akalia, akampapasa mgongo bila kumtazama. "Hawa wengine walikataa wakiwa nje huko, sikuwaona. Wewe ulinishika mkono. Ulisema ngoja, inakuja. Nami nikangoja. Nilikuwa nasikia wakiulizana, imekuja? Imekuja? Nikajiambia, ni kaka, kaka hawezi kunidanganya. Bora ungeniambia unaogopa. Toka nyumbani kwangu."

Akatoka.

Hakulala usiku ule, na asubuhi hakutia kitu mdomoni. Alikwenda hospitali moja kwa moja, akasukuma mlango wa maabara, akakunja shati.

"Nimekuja kutoa damu."

Mama wa maabara akavaa miwani yake. Akamtazama juu hadi chini.

"Wewe si yule wa chooni?"

"Ndiye."

"Mpira wangu uko wapi?"

Cheche akautoa mfukoni, akauweka mezani. Mama hakucheka. Akampima presha, akatazama, akampima tena.

"Umekula?"

"Sijala."

"Umelala?"

"Sijalala."

"Una hasira?"

"Ninazo."

"Na nani?"

"Na watu wote."

"Basi nenda kapunguze hata nusu yao, urudi keshokutwa. Presha hii siwezi kukutoa hata tone."

Cheche akawaka. Yaani amejikaza mpaka amefika, halafu anarudishwa? Akasema hospitali gani hii inayolia haina damu kisha inafukuza watu. Hapo ndipo alipokutana na aliyemzidi. Mama wa maabara alipiga meza kwa kiganja, vichupa vikagongana.

"Usinipigie kelele! Unajua nilikungoja dakika ngapi siku ile? Ishirini na tano! Sindano imefunguliwa, mfuko nimeushika mkononi, nasema yuko chooni, anakuja. Ungeniambia naogopa, ningemtafuta mtu mwingine dakika ile ile. Ningekwenda mwenyewe kwa mfagiaji! Wewe unadhani mimi nina ugomvi na mwoga? Wiki hii pekee wamekimbia watatu. Mwoga namjua, nina njia zangu za kumsaidia. Ugomvi wangu ni na mtu anayenifanya nitegemee kitu ambacho hakipo. Sasa nenda. Ule, unywe maji, ulale. Ukirudi uniambie unaogopa, hivyo hivyo, kwa mdomo wako."

Dakika ishirini na tano. Alitembea nazo hadi nyumbani. Kumbe hakumnyima dada yake damu tu. Alimnyima na muda pia.

Keshokutwa alirudi. Alikuwa amekunywa chai na mkate na mayai, amekunywa maji mpaka tumbo linacheza. Akasimama mlangoni.

"Mama, mimi naogopa sindano. Naogopa kufa."

"Vizuri. Lala hapa."

Alimlaza kabisa badala ya kumkalisha. Akamgeuza uso kuelekea ukutani, akasogeza kisahani cha vifaa nyuma ya mgongo wake asikione. "Kaza mapaja kama unayenyanyua kitu kizito. Achia. Kaza tena. Hivyo hivyo, usiache, itakuzuia kuzimia. Sasa nieleze, geti la milango miwili linatengenezwaje?"

Cheche, meno yamekazana, akaanza. Kwanza unapima uwazi, lakini hupimi mara moja, unapima juu, katikati na chini, kwa sababu hakuna ukuta ulionyooka. Halafu unakata fremu. Halafu unaweka bawaba, na bawaba ndiyo kila kitu, ukikosea bawaba... Akasikia mchomo. Mdogo, mkali, ukapita.

"Endelea. Ukikosea bawaba?"

"Geti linaburuza chini. Unachoma lini?"

"Nimeshachoma. Inatiririka hiyo."

Akakaza mapaja tena. Baada ya muda akasikia plasta ikibandikwa. Mama akamwambia dakika nane zimepita, wamemaliza, alale kidogo kabla hajainuka. Cheche akageuza uso. Mfuko ulikuwa umejaa, mwekundu mzito, umelala mezani kama kitu cha kawaida tu.

"Hiki tu?" akauliza.

"Hiki tu."

"Ndicho hiki nilichokikimbia?"

Akaanza kulia, na hakikuwa kilio cha huruma wala cha furaha. Alilia kwa ghadhabu, ngumi zimekunjwa. Angekuta maumivu makubwa, angejisamehe. Angezimia, angepata la kujitetea. Lakini mchomo ule ulikuwa mdogo kuliko cheche moja ya mashine yake, na mdogo wake aliondolewa kizazi kwa sababu ya mchomo huo. Mama wa maabara hakumbembeleza. Alimpa juisi, akamwambia anywe taratibu.

Wiki ile ile Cheche alichukua brashi na rangi ya mafuta, akaandika ukutani mwa karakana yake kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: UNAOGOPA SINDANO? NIONE. MIMI NI MWOGA KULIKO WEWE. Wateja walicheka. Wengine waliuliza. Aliyekiri kwamba anaogopa, Cheche alimvutia kiti, akamweleza mambo ya kula, ya maji, ya ukuta na mapaja, na siku ikifika akaenda naye na kukaa kando yake. Aliyeleta visingizio aliondoka na masikio ya moto.

Binamu alimfuata hadi kwenye jumba la mazoezi, akamkuta amelala chini ya vyuma.

"Siku ile hospitali, nani alikupigia simu?"

"Simu gani, kaka?"

"Usinizungushe!"

Binamu akarudisha vyuma mahali pake, akaketi. Akatazama huku na huku asije akasikiwa. "Naogopa, kaka. Nikiona tu kile kitu, nasikia kutapika."

"Enhe! Sasa tumeanza kuzungumza."

Alimpeleka. Binamu alizimia kweli, wakamwinua miguu juu, na alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa kama wamepata ya kutosha au waendelee. Mjomba hakwenda, wala hakupimwa. Hajamsamehe Cheche kwa kumwambia nyamaza mbele za watu, na Cheche hajaomba msamaha. Wakikutana misibani kila mmoja husalimia ukuta.

Kitinda alipita karakanani mtoto alipotimiza miezi saba, amembeba mgongoni. Alisimama barabarani akasoma maandishi yale yote, taratibu. Kisha akaingia.

"Umeshakwenda mara ngapi?"

"Mbili. Hadi miezi mitatu ipite ndipo wanakuruhusu tena."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Usije ukadhani ukitoa mara kumi zitaisha."

"Sidhani, mdogo wangu. Na mimi zangu haziishi."

Akafungua kanga, akamkabidhi mtoto, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma. Cheche akavua glavu haraka haraka akampokea. Kitinda alikaa kwenye benchi dogo, akapumzika, akanywa maji, akaondoka.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, Mama wa maabara alimpigia simu. Pametokea ajali ya basi. Rafu ya friji iliyojazwa Jumatatu ilikuwa imebaki na mifuko mitatu, na nje ya wodi wameshajaa ndugu wanaotazama chini.

"Mitatu!" Cheche akafoka, utadhani kosa ni la mama yule. "Mji mzima huu, watu wanene wanapita barabarani, mifuko mitatu!"

"Kelele zako hazijazi mfuko. Leta watu."

Muda wake mwenyewe ulikuwa bado, alibakiza wiki tano. Akatukana chuma kilichokuwa mbele yake, akazima mashine, akavuta daftari lenye namba za waliowahi kumwambia kwamba wanaogopa. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori la mchanga, ambaye hajawahi kutoa damu maishani.

"Uko wapi? Wanaihitaji leo. Unaogopa? Sawa, umesema vizuri. Kula kitu, kunywa maji mengi, nakupitia baada ya nusu saa."